Ramani Iliyokuwa Tupu Juu ya Kwedizinga

Old Korogwe, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Hiza,

Sweta limo ndani ya begi, na kama halimo basi utatetemeka na utajifunza. Sikuandikii habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za marafiki wabaya. Hayo utaambiwa asubuhi na shangazi zako, kila mmoja kwa zamu yake, na wewe utaitikia "sawa shangazi, sawa shangazi" huku unatafuta chaja. Mimi nina jambo moja tu. Nikilisema kwa mdomo utaniangalia kwa yale macho yako ya kuniomba nisimalize, na mimi nitaishia njiani kama kawaida yangu. Karatasi haikatizwi na macho ya mtu.

Jambo lenyewe ni Bibi yako. Kesho unaondoka kwenda Addis Ababa kusomea mitambo ya ndege, na hujaenda kumuaga. Miaka miwili sasa hujakanyaga kijijini kwake Kwedizinga. Kila nikikuuliza una sababu: mara mtihani, mara mvua, mara malaria, mara gari limejaa. Ni sababu nzuri, zimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Ndiyo maana siziamini.

Unanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Ulipozaliwa nilimuuliza nesi mara mbili kama ana uhakika huyu ni wangu, maana kwetu hatuna masikio ya namna ile. Nashuku mizani ya sokoni, nashuku nyanya zilizopangwa vizuri mno, nashuku mtu anayenipa shikamoo ndefu kuliko kawaida. Marehemu baba yako alikuwa akisema siku nikifika peponi nitaomba kwanza nionyeshwe mlango wa nyuma. Lakini sikuzaliwa hivi. Nilifundishwa na barabara kule Mombo, na nataka nikueleze nilivyofundishwa, kwa sababu siku ile ya kwelea nilikuwa nimeshajua kila kitu na bado nikakosea.

Babu yako aliletwa huku na manamba kutoka Songea, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Mashine za shamba ziliposimama, akabaki na nyumba ya kambi isiyo yake na mke wa Kizigua aliyetaka kurudi kwao Kwedizinga. Mimi nilikuwa msichana. Zilikuwa zile siku za ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa mtu binafsi kuwa na basi. Mabasi yakaota kama uyoga, na yote yalisimama Mombo ili watu wapate kula. Nikajiunga na wanawake wa pale, nikawa nakaanga mayai na kuku.

Sasa, abiria anataka cha moto. Ukikaanga mapema kinapoa na mafuta yanaganda, anakusonya. Ukichelewa, basi limeshaondoka na kuku wako yuko katikati ya kuiva. Kwa hiyo kazi yetu kubwa haikuwa kukaanga, ilikuwa kujua nini kinakuja. Simu hazikuwepo. Tulikuwa na Mama Salome, aliyeuza karanga kwenye stendi ya Korogwe. Basi likiingia kule, yeye anamwambia dereva wa lori au pikapu inayowahi mbele, na yule akipita Mombo anatoa mkono dirishani. Vidole viwili, mabasi mawili. Ngumi, limejaa. Kiganja kinachotikisika, limejaa nusu. Tulikuwa na mwenzetu mwingine upande wa Same naye akifanya vivyo hivyo. Sisi tumekaa katikati, tunaunganisha mkono wa huku na mkono wa kule, tunajua tuweke mafuta lini. Mgeni aliyetuona alidhani tunapiga ramli.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba anayeleta habari naye ana tumbo. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la saruji, mcheshi kweli kweli. Siku moja akapunguza mwendo, akatutikisia kichwa kwa huzuni: hakuna kitu, barabara tupu, basi limekufa huko nyuma. Tukavunjika moyo. Akateremka, akanunua kuku wote waliokuwa tayari, kwa huruma yake akatupunguzia hasara. Akaondoka anatafuna. Basi likaingia nyuma yake hata vumbi halijatulia.

Cha pili kiliniuma zaidi. Mama Salome aliugua, hakuna aliyetuambia. Asubuhi ile hakuna lori lililotoa mkono. Tukasema leo barabara imelala. Tukafukia moto, tukaanza kusukana. Yakaja mabasi matatu yamefuatana, abiria wametoa vichwa nje wanaita, na sisi tumeshika vitana na mayai mabichi. Niliwaona wakinunua mahindi ya kuchemsha kwa watu wa ng'ambo ya barabara, nikataka kulia. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba mabasi hayaji, Hiza. Hatukuambiwa chochote. Ule ukimya tuliujaza sisi wenyewe, na tukauamini kana kwamba umetoka kwa Mama Salome.

Watu husema lisemwalo lipo. Ni kweli. Lakini na lisilosemwa pia lipo, na wala halikusubiri.

Ndiyo maana ulipokiweka kile kisanduku chako juu ya bati, nilikusumbua kwa maswali. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri matokeo, na badala ya kusubiri kwa kulala kama wenzako, ukaandikiana na watu wa nje wenye tovuti ya kuonyesha ndege zote za dunia. Wakakutumia kisanduku na kijiti cheupe cha kupandisha juu. Majirani walisimama barabarani wakitazama. Mtendaji wa mtaa akaja, akanywa chai yangu yote kabla ya kuuliza. "Mama Hiza, hiki kitu kinasikiliza nani?" Nikamjibu kinasikiliza ndege. Akasema, "Na sisi?" Nikamwambia sijui, ngoja nimhoji mwenye nacho.

Na kweli nilikuhoji. Unakumbuka? Ulikuwa umekaa juu ya ndoo, mimi nachambua mchele.

"Ndege yenyewe ndiyo inayosema, Mama," ulinieleza. "Ina mtambo ndani. Unataja namba yake, iko wapi, iko juu kiasi gani, inakwenda kasi gani. Unarudia kila wakati. Haumwambii mtu fulani, unatangaza tu. Mwenye kisanduku anasikia."

"Na yenyewe inajuaje iko wapi?"

"Inajua kwa setilaiti."

"Kwa hiyo inasema kile ilichoambiwa."

Ukacheka. Nikaendelea. Nikauliza hao wenye tovuti wanasikiaje mpaka za huku kwetu. Ukasema wao hawasikii, wanapelekewa. Kila mwenye kisanduku, huyu Korogwe, yule Ulaya, anatuma alichosikia kwa intaneti, wao wanaunganisha wanachora ramani moja. Nikauliza wanakupa nini. Ukasema unaruhusiwa kuangalia bure mambo ambayo wengine wanalipia.

"Wengine wanalipia kitu ulichokisikia wewe?"

"Ndiyo, Mama, lakini..."

"Kwa umeme wa nani?"

Ukaokota punje ya mchele chini. Sikutaka kukuvunja moyo, nilitaka kujua tumbo liko wapi. Nilipolijua nikatulia kidogo.

Nikakuuliza yale maneno, Nairobi kwenda Johannesburg, ndege inayasema pia? Ukasema hapana, hayo wanayatoa kwenye ratiba, wanalinganisha na namba ya safari. Nikasema basi hicho ni kibao cha kwenye kioo. Nimeona mabasi mengi yenye kibao cha Arusha yakimwaga watu Moshi. Picha ya ndege je? Imepigwa na mtu mwingine, siku nyingine. Na ikifika mahali ambapo hakuna mwenye kisanduku? Ukasema wanakisia kwa muda, wanaendelea kuisogeza kwenye njia ile ile kwa mwendo ule ule mpaka isikike tena.

"Na anayetazama anaambiwa hapo tunakisia?"

"Ukibonyeza, imeandikwa."

"Nani anabonyeza?"

Ukanieleza pia kwamba zipo ndege zinazotaja namba tu bila kusema ziko wapi. Hizo lazima visanduku kama vinne vizisikie kwa pamoja, halafu wanalinganisha nani alisikia mwanzo na nani mwisho, wanapata mahali. Na wapo matajiri na wakubwa wanaoomba ndege zao zisionyeshwe, na kampuni inazificha. Na zipo nyingine ndogo ambazo hazisemi lolote. Nikakuuliza huku kwetu wenye visanduku mko wangapi. Ukajibu kwa fahari, "Niko peke yangu, Mama. Mwingine ninayemjua yuko Dar."

Pale ndipo ningesimama. Mama Salome mmoja, barabara nzima. Lakini nisikudanganye, nilikuwa nimeshaipenda ile ramani. Vile vidude vya njano vinavyopita juu ya paa letu, kila kimoja na jina lake, na mimi nikitoka nje ninaona kweli mstari mweupe mbinguni. Nilianza kuwaambia wateja wangu, "Hiyo inatoka Nairobi hiyo, iko juu kuliko Kilimanjaro mara mbili." Nilijisikia mtu mkubwa. Ushuku wangu wote ukalala usingizi wa pono.

Mtama ulipokaribia kukomaa tukaenda Kwedizinga kumsaidia Bibi kulinda shamba. Kwelea kwelea walikuwa wameshuka mwaka ule kwa wingi wa kutisha, wakitua mtama unainama. Watu walipiga madebe mpaka mikono ikaota malengelenge. Wataalamu walikuwa wameahidi kuleta ndege ya kunyunyiza dawa kule bondeni kwenye miiba, ambako kwelea wanalala. Walisema itakuja. Hawakusema lini.

Jioni ile jua linazama, nilikuwa uani napepeta. Nilisikia mngurumo, chini, upande wa bondeni, ukienda na kurudi. Haukukaa. Haikuwa pikipiki, mimi pikipiki naijua, wala haikuwa trekta. Niliinua kichwa, sikuona kitu, nikarudi kwenye ungo wangu.

Asubuhi wakapita wanawake wana vikapu vya kwelea. Unajua Bibi yako kwa kwelea wa kuchoma. Anasema alinyonyeshwa nao. Kila mtu wa kule anajua sheria: kwelea wa kunaswa kwa wavu ni kitoweo, kwelea wa kuokotwa baada ya dawa ni kifo. Wanawake wakasema hawa wameokotwa, lakini ni wengi tu wanaokufa kwa kubanana kwenye miiba, mbona hakuna ndege iliyokuja? Bibi alikuwa ameshapokea kikapu.

Ndipo akafika Mzee Lemburis kutoka kwenye boma lake, yule rafiki yake babu yako anayetuletea maziwa. Hakuketi.

"Mama Hiza, hii musikule. Jana jioni ndege imepita kule chini. Ng'ombe zangu zimekimbia zote."

Wewe ukatoa simu. Sikukutuma, lakini nilikutazama, na kutazamwa na mama ni kutumwa. Ukairudisha ramani nyuma mpaka jioni ya jana, ukaonyesha ile ya Dar, ile ya Nairobi, zote huko juu kabisa. Juu ya Kwedizinga, chini, hakuna kitu. Ulisema kwa adabu, nakumbuka, ulimwita Mzee.

"Hakuna ndege iliyopita hapa jana, Mzee. Tazama mwenyewe."

Mzee Lemburis akaitazama simu kwa heshima, mikono nyuma. Akauliza, "Hiyo simu jana ilikuwa kule chini?"

Tukacheka, Hiza. Wewe ulicheka kidogo, Bibi akacheka, na mimi nilicheka kuwazidi wote. Na mimi ndiye niliyekuwa na ule mngurumo masikioni. Hilo ulikuwa hulijui wakati ule, nilikuambia baadaye hospitalini, lakini sidhani kama ulinisikia, maana ulikuwa husikii kitu siku zile. Kwa hiyo nakuandikia tena: niliisikia ile ndege kwa masikio yangu mwenyewe, na nikaamini ramani. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ile ramani ilikuwa imenijibu mambo mengi mno, jina, urefu, mwendo, hata picha, mpaka ilipokaa kimya niliona na ukimya wake ni jibu.

Yaliyofuata unayajua. Nilichoma mimi. Bibi alianza yeye, kama mkubwa, na akala kwa furaha. Sisi tulikuwa bado tunanawa. Mate yakaanza kumtoka, jasho, akaniambia haoni vizuri, kumekuwa giza. Ile safari ya pikipiki kwenda Handeni, mimi nyuma nimemkumbatia ametapika kifuani pangu, wewe unakimbia nyuma yetu kwa miguu kana kwamba utatufikia. Ulipofika hospitalini magharibi ulikuwa na kiatu kimoja.

Aliishi. Walimchoma sindano, walimwosha, aliishi. Na wewe ukakaa kwenye benchi ukanieleza, bila kuinua uso, kwamba sauti ya ndege kwenye kisanduku inakwenda moja kwa moja, haiwezi kupanda kilima na kushuka upande wa pili, na ndege ikiruka chini bondeni kule, kisanduku cha Korogwe hakiwezi kuisikia hata ikipiga kelele. Na labda ile haikuwa na mtambo wa kusema kabisa. Ulijua yote hayo hata kabla. Kujua ulijua, ila hapakuwa na mtu wa kukuuliza. Mimi niliyekuhoji mpaka kuhusu umeme, siku ile nilisahau kuuliza.

Nilipenda kitu kimoja. Ulikiteremsha kisanduku, nikasema basi, ameachana nacho. Baada ya muda ukakipandisha tena, na ukaanza kuchora kwenye karatasi ni wapi kinasikia na wapi hakisikii, kilima kwa kilima. Ile karatasi yenye mabaka ndiyo uliyowaonyesha wale waliokuchagua kwenda Addis. Nilijivuna mpaka nikaona aibu. Mtu anayejua mahali alipo kiziwi, huyo namwamini kidogo.

Lakini hukurudi Kwedizinga.

Sasa nifike kwenye kosa langu mimi, na hili halihusu kwelea. Miaka miwili hii, kati yako na Bibi, anayepeleka habari ni mimi. Narudi Kwedizinga unaniuliza, "Bibi hajambo?" Nakujibu hajambo, anapiga soga tu. Nikienda kwake ananiuliza, "Mjukuu wangu yuko wapi?" Nakujibia, yuko na mtihani, anakusalimu sana. Hukuwahi kunituma salamu, Hiza. Nilizitunga mwenyewe, nikampelekea. Nilimsema sana yule dereva wa saruji, kumbe na mimi nina tumbo. Nilitaka nyote wawili mlale usingizi, na mimi nilale.

Habari yenyewe ni hii. Mkono wake wa kushoto unatetemeka. Anasema ni uzee. Daktari hakusema ni nini, na mimi unanijua, nashuku. Akishika kikombe inabidi asaidie na mkono wa kulia. Kuchambua mboga ameacha. Mengine yote yuko vilevile, mdomo ndio kwanza umenoleka.

Na hakuamini mitihani yako. Ushuku wangu nimeurithi mahali. Mwezi uliopita nilikuwa namfungia kanga, akanishika kidevu.

"Huyo mtoto ananichukia au ananiogopa?"

"Mama, ana mtihani."

"Mtihani gani wa miaka miwili? Au nilisema neno pale hospitali? Nilikuwa nimelewa sindano, sikumbuki. Niliwaambia manesi ni kosa lake?"

Nikamwambia hapana. Ni kweli, hukutajwa. Halafu akasema kitu ambacho nimekibeba mwezi mzima bila kukupa, kwa sababu ningekupa hicho ingebidi nikupe na habari ya mkono.

"Mwambie mimi ndiye niliyetafuna. Yeye hakunifungua mdomo. Mambo ya kula kwelea nilikuwa nayajua hata yeye hajazaliwa, na Lemburis aliniambia usoni. Nilitaka tu kuwala. Sasa mtoto anazunguka na dhambi ya tumbo langu, haya ni mambo gani?"

Ndivyo alivyosema, sikuongeza chumvi. Yeye anadhani umemkimbia kwa sababu alikutia aibu, na wewe unamkimbia kwa sababu unadhani ulimuua kidogo. Na mimi nimesimama katikati nawapungia mikono yenye uongo. Nina hasira na wewe, Hiza, ukitaka ukweli. Ukiwa mbali na mtu asiyekulaumu, unampunja. Lakini hasira yangu kubwa ni juu yangu.

Kesho kutwa ndege yako itapita juu ya nchi hii yetu ikielekea kaskazini, umenionyesha njia yake. Umeniwekea ramani kwenye simu na umenifundisha kubonyeza. Nitaitazama, siwezi kujizuia. Nitaona kidude cha njano nitasema mle ndani yumo mwanangu. Lakini najua kinachosema ni mtambo wa ndege, siyo wewe. Hakitaniambia kama umekula, wala kama unalia dirishani. Kikipotea njiani nitajua ni mahali pasipo na mtu wa kusikiliza, sitapiga kelele mtaa mzima. Nitajitahidi, angalau.

Sasa sikiliza. Ulidhani unapanda basi la kupitia Segera. Nilikwenda stendi nikabadilisha. Utapanda lile dogo linalopitia Handeni, litakufikisha Dar mapema tu, ndege yako ni ya kesho kutwa na mjomba wako anakungoja. Njia hiyo unaijua inapita wapi. Dereva nimemwambia asimame Kwedizinga na akungoje kidogo, na nimemwambia utingo pia, kando, kwa sababu dereva simwamini, na utingo simwamini zaidi.

Bibi yako atakuwa barabarani tangu alfajiri. Nilimkataza, nikamwambia kuna umande. Akasema umande haujawahi kumuua mtu, waulize kwelea. Atakuwa na maji kwenye bakuli ili akutemee baraka kama alivyonitemea mimi na kila aliyetoka nyumba ile kwenda mbali. Bakuli litatikisika, maji mengine yatamwagika kabla hayajamfika mdomoni. Usigeuze uso. Lishike naye.

Hayo ndiyo niliyotaka, na sitaki kukulazimisha, maana mtu wa kusukumwa anashuka na miguu tu. Mzee Lemburis atakuwepo pale na ng'ombe wake, yule mwenye duka mkabala na kituo ana namba yangu, na utingo anapenda sana kunipigia. Wote watatu walijitolea kunipa habari kama ulishuka au hukushuka. Nimewakatalia. Nimewaambia atakayenipigia kesho, awe amekuona au hajakuona, sitapokea.

Nipigie wewe. Sema ulilofanya, hata kama ni kwamba ulibaki kwenye kiti na ukatazama upande wa pili. Sitauliza mara mbili, wala sitatafuta wa kunihakikishia. Utakachoniambia, nitakiamini.

Mama yako